Sauti ya Bibi Walburga na Ufundi Wangu

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Nimeitwa shuleni. Mimi! Shule ileile iliyonitema kidato cha pili! Mwalimu Jacqueline wa Kiswahili anataka kidato cha kwanza wajifunze fasihi mtandaoni: wasikilize hadithi, watazame picha, wajibu maswali kwa kubonyeza. Kompyuta anazo sita. Hadithi hana. Akauliza nani hapa Kihagara anajua kurekodi. Mlinzi akamtaja mwenye kibanda cha kuchaji simu na kurusha nyimbo. Nani tena? Mimi, Hamphrey.

Kikwazo kimoja: Zabron, mwanachuo aliyeletwa kufanya mazoezi ya ualimu. Ana maiki yenye manyoya, anaifuta kila saa kama mtoto mwenye mafua. Mwalimu kasema twende wote kwa Bibi Walburga, msimuliaji. Nimeitikia. Kuitikia si kwenda.

Jumanne, 6 Agosti

Nimekwenda peke yangu alfajiri, Zabron hajapiga hata mswaki. Bibi anaumwa kifua, kalala kwenye mkeka jikoni, lakini hadithi anazo. Nikampa shikamoo mbili. Miguuni kwake kakaa mjukuu wake, Ida, yupo kidato cha kwanza. Bibi akisema sentensi, Ida anaitikia "Tupo". Sentensi, "Tupo". Kero! Nikamwambia Ida afunge mdomo, tunarekodi. Bibi naye akafunga wake. Nikampungia mkono aendelee.

"Baba," akasema, "nimsimulie nani, kama hakuna anayeniitikia?"

Nikamwonyesha simu. Akaitazama kwa huruma. Basi, Ida akarudishiwa kazi yake. Hadithi: binti aliyekwenda ziwani kumdai mamba mtungi wa marehemu mama yake. Dakika kumi na nne. Wakati natoka Ida akanifuata hadi kwenye vichanja vya kuanikia dagaa wa usipa. Akaniomba niitunze vizuri, maana Bibi hatafika Krismasi na sauti yake haipo popote pengine. Nimemwambia kwangu sauti haiozi.

Jumatano, 7 Agosti

Usiku kucha ufundi! Nimekata "Tupo" zote. Hamsini na tatu! Kila pengo nimetia sauti yangu, nzito, ya redioni: "Hamphrey Dijitali, Kihagara!" Simu imejaa, nikahifadhi palepale juu ya ile ya zamani.

Mwalimu alikuwa na kikao, akaiweka mtandaoni bila kuisikiliza. Darasa likasikiliza. Mtungi ukazama: Hamphrey Dijitali. Mamba akafungua mdomo: Hamphrey Dijitali. Watoto walicheka hadi wakashika matumbo. Swali la kwanza kwenye kompyuta: mhusika mkuu ni nani? Thelathini na mmoja kati ya arobaini wamebonyeza "Mwingine" na kuandika jina langu. Nani aliwahi kupata kura hizo?

Ida hakucheka. Alitoka nje.

Mwalimu aliniomba ile ya mwanzo. Nikamweleza haipo. Akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Kesho ni Nanenane, hakuna vipindi, hivyo nirudi kwa Bibi pamoja na Zabron na maiki yake. Kasema Ida aitikie, na mimi nisiseme neno hata moja.

Alhamisi, 8 Agosti

Zabron kanipitia asubuhi. Nimemwambia Bibi hapokei wageni sikukuu. Kaamini! Chuo kizima kichwani, na kaamini. Mimi nitembee nyuma ya manyoya yale mbele za watu? Hapana. Nimeagiza maiki yangu kwa Vitalis, dereva anayepandisha usipa Mbinga mjini.

Jioni Ida kaja kibandani. Bibi kapata nguvu, kanywa uji, kakaa mwenyewe. Anauliza mwenye simu anakuja lini. Nikasema Jumamosi. Akauliza kama haiwezekani leo. Nikasema mambo ya kitaalamu hayaharakishwi.

Jumamosi, 10 Agosti

Vitalis kaniletea. Maiki nyekundu, haina manyoya ila ina taa. Shati la kola, viatu. Nimefika kwa Bibi saa nne. Wanawake wamekaa chini uani, wanaume wanapanga viti. Nikadhani wamesikia nakuja.

Bibi kafariki alfajiri.

Taa ya maiki nilikuwa nimeshaiwasha. Salvatory, mjomba wake Ida, akanishika bega na kuniambia niizime. Nilichelewa kupata kitufe.

Jumatatu, 12 Agosti

Tulizika jana baada ya misa. Leo Ida kaja kibandani na sare ya shule. Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote makali. Sikupata pa kuyatumia. Aliuliza tu kama "Tupo" zake zinaweza kurudi. Nikasema haiwezekani.

"Basi kaka, toa zako," akasema. "Paache wazi."

Nimekata mara hamsini na tatu, yeye kakaa juu ya ndoo anahesabu. Inauma kufuta sauti nzuri. Zabron alikuja akasaidia kuiweka mtandaoni, hakunicheka. Simwelewi mtu yule.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimepita shuleni kukagua kazi yangu kupitia dirisha. Mapumziko, wote wako nje. Ida peke yake mbele ya kompyuta. Sauti ya Bibi inasema binti kafika ufukweni. Kimya. Ida anasema, "Nipo." Binti kaingia maji ya magoti. "Nipo." Kengele ya vipindi imelia, Mwalimu kaja hadi mlangoni, kasimama, hakumwita. Wanafunzi wamejipanga nyuma yake, hakuna aliyesukumana.

Nimefikiri njia nzima. Kazi ile ina kasoro kubwa: mapengo hamsini na tatu matupu, mpaka mtoto wa watu analazimika kujijibu mwenyewe. Watu wataniona fundi gani? Bahati nzuri neno la siri la Mwalimu nililikariri akiliandika, na Zabron anarudi chuoni kesho. Jumamosi nayajaza yote. Safari hii kwa sauti ya upole zaidi.