Kompyuta Mpya Imenifanya Bibi Yangu

Kadii Kaingu (mdogo),
Shule ya Msingi ya Mkwaju Mmoja,
Magarini.
14 Julai 1987

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Kumbukumbu za Wanafunzi,
Kilifi.

Mheshimiwa Bwana,

KUH: KUOMBA NITENGANISHWE NA BIBI YANGU KABLA YA TAREHE 31

Shikamoo. Kwa hesabu ya kompyuta yako mpya wewe ndiye unayepaswa kuniamkia, lakini nimefunzwa adabu, kwa hiyo nimeanza mimi.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minne, wa darasa la nane. Bibi yangu ana miaka sitini na minane, na husoma ngumbaru, yaani masomo ya watu wazima, jioni, katika shule hii hii na kwenye dawati langu hili hili. Naye pia anaitwa Kadii Kaingu. Babake aliitwa Kaingu, na Bibi alipozaa mtoto wa kiume akampa jina hilo la babake. Kaingu huyo alipokua akanizaa mimi, akanipa jina la mamake. Kwetu watu wote hupewa majina hivi, na hakuna aliyewahi kupotea.

Hata katika kompyuta yako ya zamani hatukupotea. Ilikuwa nzito, na Bi Mahfudha aliyeitunza aliifunika leso ili isiingie vumbi. Kutafuta jina moja kulichukua muda wa kunywa chai na kuosha kikombe. Lakini programu yake ilikuwa na nafasi chini, iliyoandikwa Maelezo Mengine, na hapo Bi Mahfudha aliandika kuhusu sisi: "Hawa ni wawili. Mmoja ana meno yote."

Mwezi wa Aprili Bi Mahfudha alistaafu akarudi kwao Mnarani, na Bwana Maina akaja na kompyuta mpya yenye programu mpya ili ahamishie majina yote humo. Alitueleza shuleni kwamba programu hii ni ya kisasa na haihifadhi kitu kimoja mara mbili. Tulipiga makofi. Nafasi ya Maelezo Mengine haimo, kwa kuwa ilikuwa ikijaza diski bure.

Ni haki niseme kwamba programu ilituuliza kwanza. Zililetwa nyumbani fomu mbili, moja yangu na moja ya Bibi, na zote ziliuliza: Huyu ni nani kwako? Baba yangu, tangu nizaliwe, huniita Mama, kwa kuwa nina jina la mamake. Kwenye fomu ya kwanza aliandika, "Mama yangu." Ya pili aliifikiria kwa muda mrefu, kisha akaandika, "Mama yangu." Hakudanganya. Fomu nilizipeleka posta mimi mwenyewe, nikikimbia zisichelewe.

Sasa programu imetuunganisha. Kadii Kaingu ni mmoja, amezaliwa mwaka wa 1919, ni mjane, ana watoto saba, yuko darasa la nane. Kwa sababu amepita umri wa kuingia sekondari, hakupewa namba ya mtihani. Mwalimu Dena, mwalimu wetu mkuu, aliisoma orodha mara tatu. "Kadii, mimi nakuona," aliniambia, "lakini orodha haikuoni." Majina yatafungwa tarehe 31. Shangazi ameshaninunulia sanduku la bati la kwendea bweni, na jina langu limeshapakwa rangi juu ya kifuniko. Bibi amelisoma jina hilo mwenyewe, herufi kwa herufi, akaweka leso zake mbili ndani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Pakiti ya maziwa ya shule hutolewa moja kwa kila jina. Bibi huamka kabla yangu.

2. Mahudhurio yangu ya muhula uliopita ni siku mia moja na ishirini na nne kati ya siku sitini na tano. Nimeandikiwa barua ya pongezi na, siku hiyo hiyo, barua ya kunitaka nieleze.

3. Nilikuwa katika timu ya netiboli ya wasichana wasiozidi miaka kumi na mitano. Nimeondolewa kwa ajili ya umri. Barua ya kuniondoa ilimfikia Bibi, naye akaenda uwanjani kulalamika. Mwalimu wa michezo aliona haya kumfukuza mtu mzima, akampa nafasi ya mlinda goli. Timu imeshinda mara mbili, kwa sababu wasichana wa shule nyingine wanaogopa kumsukuma.

4. Alama zetu zimechanganywa zikagawanywa kwa mbili. Katika Kiswahili mimi nina 88 na Bibi 20, kwa hiyo tuna 54. Hili limeniumiza sana. Katika hesabu tuna 69. Hilo halikuniumiza, lakini nalitaja ili barua yangu iwe ya kweli.

5. Kama mimi ni mama yake baba yangu, basi mama yangu Kache ni mkaza mwanangu, naye anapaswa kunitekea maji. Nilimweleza jambo hili kwa upole. Sasa nateka mitungi miwili zaidi.

Juma lililopita tulikuja wenyewe ofisini kwako, mimi na Bibi, tukasimama bega kwa bega mbele ya Bwana Maina. Alituangalia kwa huruma. "Naona wawili, mama," alimwambia Bibi. "Huyu mwenzangu ndiye anayeona mmoja." Akaigonga kompyuta kidogo. "Hata kwetu, mimi humwita binti yangu mama. Lakini programu hii haikuzaliwa kwetu." Bibi akamwambia, "Izime uiwashe, mwanangu. Pengine ilikuwa imelala." Akaizima akaiwasha. Ilimwona mmoja.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na lolote utakaloweza litanitosha. Kwanza, nitenganishwe na Bibi, nipewe namba yangu ya mtihani. Hilo likishindikana, kompyuta ya zamani irudishwe pamoja na leso yake, na Bi Mahfudha aombwe aje kwa siku moja tu aandike tena kwamba mmoja ana meno yote. Na hilo nalo likishindikana, basi ofisi yako iniandikie barua yenye muhuri kwamba kweli nina miaka sitini na minane. Nikiwa nayo, Mwalimu Dena hataweza kunichapa kwa kuchelewa, baba yangu ataniomba ruhusa kabla ya kusafiri, na wewe, Bwana, nitakapokuja tena Kilifi, utanipisha kwenye kiti chako.

Mimi na Bibi ni watu wawili kabisa. Yeye anapenda ugoro na mimi napenda kusoma. Hakuna mtu mwenye macho anayeweza kutuchanganya.

Nisalimie Bwana Maina na huyo binti yake ambaye ni mamake. Ukipita Mnarani, nisalimie Bi Mahfudha. Watu wote wa nyumbani kwetu, ambao sasa ni wanangu na wajukuu zangu, wanakusalimu.

Mimi mwanafunzi wako mtiifu,
Kadii Kaingu (mdogo)

Tanbihi: Nimemsomea Bibi barua hii naye ameisifu, ila anaomba usifanye haraka sana. Kwa kweli ile 69 ya hesabu ni yangu 42 na yake 96, maana amehesabu makuti ya kuuza miaka arobaini. Ameangalia ratiba ya mtihani, na hesabu haiko siku moja na Kiswahili. Sare yangu inamtosha mabegani; tumeijaribu jana. Kwa hiyo kama kazi ya kututenganisha ni ndefu, utuandikishe vivi hivi, kwa namba moja, ila ule mwaka wa 1919 uubadilishe kidogo. Utatutenganisha mwakani, mimi nikiwa nimeshaingia kidato cha kwanza. Au yeye.