Vigimbi vya Sufi

Ndugu zangu wa Idodi, leo nimeumbuka. Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya wanaume kumi na mmoja.

Mnajua boma linatafuta tarishi wa kubeba barua kwa miguu, kutoka Iringa hadi huko kwenu. Kazi hii nimeiota tangu mavuno. Sharti ni moja tu: dresa wa hospitali aikague miguu yako na kuipitisha. Na miguu yangu mnaijua (nyamazeni). Vigimbi sina.

Basi asubuhi, nyumbani Ipogolo, nikachana mto wa mama, nikatoa sufi, nikaipanga nyuma ya miguu. Juu yake nikaviringa vile vitambaa vya jeshi alivyorudi navyo mjomba kutoka Burma, nikakaza kweli kweli. Nikajitazama. Jamani, mwanamume! Nikapanda mlima kwenda mjini kifua mbele, ingawa nilifika vidole vya miguu vimekufa ganzi.

Nilidhani dresa atatazama tu. Kumbe hushika.

"Kamwene, kijana. Inuka kwa vidole," akasema yule mzee wa miwani, kiganja chake kikiwa kwenye kigimbi cha kulia. Nikainuka. Akataka nirudie, kisha akahamia kushoto.

"Ajabu," akasema. "Mguu unainuka, nyama haisogei."

Akaanza kufungua. Mzunguko wa tatu, sufi ikachomoka, ikamjaa kwenye miwani (na puani, maana alipiga chafya mara nne). Foleni nzima ikaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Dresa hakucheka. Alinifunga tena kile kitambaa bila sufi, akaniwekea mkono wangu mwenyewe juu yake. Nikainuka. Nyama ikakazana humo ndani, ikataka kutanuka, ikakosa pa kwenda. Akafungua, nikainuka tena. Ndugu zangu! Kile kigimbi changu chembamba kikajikusanya, kikapanda, kikasimama kigumu kama kiazi, nikishuka, kinalegea. Miaka ishirini na miwili natembea nacho, sijawahi kukiona kikifanya kazi. Nilistaajabu hadi nikasahau kwamba nachekwa. Hata kwenye foleni wengine wakaanza kukunja suruali wajitazame.

"Ni kidogo, lakini si kivivu," dresa akasema, akapiga muhuri.

Kazi nimepata. Mama bado anatafuta mto wake. Barua hii nitaileta mwenyewe, kwa miguu hiyo hiyo, na nawaomba sana: nikifika, nitazameni usoni.