Malalamiko Kuhusu Jalada Lililomshusha Babu Cheo

Kwa Mtunza Nyaraka Mkuu,
Hifadhi ya Nyaraka za Kale,
Chumba Namba 4, ghorofa ya chini.

Ndugu Mtunza Nyaraka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, ingawa kwa vumbi nililolivuta ofisini kwako sina hakika. Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa.

Wiki iliyopita nilifika kwenu kwa shida ndogo tu. Ukoo wetu unamwekea babu yangu mzaa baba jiwe la kumbukumbu. Fundi mawe amekwisha kuchonga maneno KAPTENI, SHUJAA WA VITA, na chini yake ameacha nafasi ya jina na namba ya jeshi. Jiwe linafunuliwa Jumamosi hii, wageni wamealikwa, viti vimekodiwa. Nilitaka namba. Sikuomba hadithi.

Mtumishi wako, yule binti wa glavu nyeupe, aliniletea majalada matatu, akanivutia kiti, kisha akanipa maji ya kunywa kabla sijafungua hata moja. Nikajiuliza, maji ya nini tena? Nimekuja hospitali? Baada ya nusu saa niliyanywa yote, nikaomba mengine.

Ili uelewe uzito wa jambo, kwanza nikueleze ukoo wetu unavyokaa. Babu alikuwa na mdogo wake mmoja. Babu alikwenda vitani akarudi Kapteni. Hilo kwetu halina mjadala. Mdogo wake alibaki nyumbani akimkimbia mtoza kodi, akaruka ukuta, akavunjika mguu, akachechemea mpaka anaingia kaburini. Tukamwita Mkimbiaji. Kwa hiyo ukoo unapokutana, iwe harusi iwe msiba, sisi wa Kapteni tunakaa barazani kwenye viti vyenye mito, na wa Mkimbiaji wanakuwa uani kwenye makarai, wakiosha vyombo. Hakuna aliyelazimishwa. Ni utaratibu tu, tumeukuta. Shangazi yangu, binti pekee wa Mkimbiaji, ana miaka themanini na moja na hajawahi kukalia kiti cha mto. Hajawahi kulalamika. Sasa ninyi mnataka nikamwambie nini?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Daftari la jeshi linasema babu aliandikishwa, akapimwa urefu, akahesabiwa meno, akapewa blanketi moja na jozi moja ya viatu, na siku ya tisa "ametoroka". Neno kavu namna hiyo, kama vile wanamzungumzia kuku. Karani alimwuliza? Huenda alikwenda kutafuta maji. Huenda alikwenda kumpeleleza adui, na adui akawa yuko upande wa nyumbani. Na pembeni, kwa wino mwekundu, mmeandika: "Viatu havijarudishwa." Ndugu yangu, viatu hivyo viko sebuleni kwangu, ndani ya kabati la kioo, juu ya kitambaa cha kufuma. Watoto wetu wote wamepigwa picha navyo. Leo mmenigeuza mpokea mali ya wizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

2. Ukurasa wa pili ni kituko. Siku tatu baada ya babu kuondoka, akaripoti mtu mwenye jina la babu na namba ya babu, ila amepungua inchi nne na kovu la shavuni limeyeyuka. Jeshi likampokea bila swali! Mtu huyo akapigana miaka minne, akapigwa risasi ya mguu akiwa amembeba mwenzake mgongoni, akapewa nishani, akarudishwa nyumbani anachechemea. Cheo chake cha mwisho: askari wa kawaida. Binti wa glavu akaniuliza kwa sauti ya chini kama babu alikuwa na ndugu mwenye kuchechemea. Nikamjibu kwamba ukoo wetu wote unatembea vizuri. Nimesema uongo ndani ya ofisi ya umma, kwa umri wangu huu, na mliousababisha ni ninyi.

3. Sensa. Katikati ya vita hivyo hivyo, karani wa sensa alifika nyumbani kwetu akaandika: mama mmoja, mtoto mmoja, na "mwanamke mwingine, mgonjwa, amejifunika shuka gubigubi, hasemi, miguu mikubwa". Kama aliiona miguu, kwa nini hakufunua shuka? Kazi gani ya kuhesabu watu hiyo?

4. Daftari la kodi ndilo lililonimaliza. Kwa miaka sita babu ameandikwa "marehemu". Ndani ya miaka hiyo sita marehemu huyo akapata watoto wawili wa kiume, tena wanene. Mwaka wa saba alipobambwa yu hai, malimbikizo yake yote yalilipwa kwa mkupuo mmoja na mdogo wake, na karani ameandika bila haya: "Mlipaji ni kilema wa mguu. Kwa upande wake hajawahi kudaiwa." Yaani hata kukimbia kodi, kazi ambayo ukoo ulimpa Mkimbiaji kwa kauli moja, kumbe akiifanya Kapteni!

5. Binti aliniambia "pole, mzee" mbele ya watu wanne waliokuwa kwenye foleni.

Usidhani naandika kwa sababu siyajui makaratasi. Nilikaa kwenye dirisha la leseni miaka thelathini na moja, nikimwambia kila aliyekuja kwamba bila karatasi hajazaliwa. Mama mmoja alisimama mbele yangu akaniapia kwamba yeye ndiye yeye. Nikamrudisha akalete uthibitisho. Lakini karatasi, Ndugu, ni kwa ajili ya watu wengine. Watu wenye ukoo unaoeleweka wana mdomo wa familia, nao hausahau. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na sisi tumelisema kwa miaka themanini mfululizo. Karani wenu aliandika mara moja tu, huku anatazama saa ya chakula. Nani wa kuaminiwa hapo?

Kwa heshima zote, basi, naomba neno "ametoroka" lifutwe, liandikwe "alitangulia". Inchi nne zirudishwe zilikotolewa. Wino mwekundu unaohusu viatu ufutwe pia, au jeshi lije lenyewe kuvichukua mbele ya watoto waliopigwa picha navyo, tuone kama litakuwa na uso huo. Kuhusu yule mwanamke mgonjwa, sitaki ugomvi: kama ni lazima babu awe mwanamke, basi awe mwanamke mwenye cheo. Mwandikeni Kapteni.

Mkiona kazi hiyo ni kubwa, majalada yote matatu yasahaulike kwa bahati mbaya kwenye rafu ya chini kabisa, ile yenye panya. Nimewaona, wana afya kuliko watumishi wako. Na hilo likishindikana, hifadhi nzima ifungwe mpaka kila ukoo uwe umeleta orodha ya mababu unaowataka. Usinicheke. Leo ni mimi, kesho ni wewe. Umewahi kulifungua jalada la babu yako mwenyewe? Kwa nini hujalifungua?

Sitaongeza neno, maana hasira zikizidi mwandiko unaharibika. Nisalimie mlinzi wa mlangoni aliyenishika mkono nilipokuwa nikishuka ngazi vibaya, mama wa usafi aliyenipa kitambaa, wale watu wanne wa foleni kama bado wapo, na panya wote wa rafu ya chini, ambao nawatakia bidii njema ya kazi.

Ni mimi, mwenye uchungu na babu yangu,

Mjukuu wa Kapteni
(mpaka hapo utakapojibu)

Nyongeza: Ndugu Mtunza Nyaraka, nilikuwa nimeshaimaliza barua hii. Lakini barua yangu yoyote ya maana huwa nampa Shangazi aipitie kwanza, maana ndiye aliyenifundisha kuandika nikiwa darasa la kwanza, na mpaka leo penseli haimtoki nyuma ya sikio. Ni mazoea ya miaka hamsini na sita. Mkono ulimpa kabla kichwa hakijashtuka. Nilipogundua nimempa nini, alikuwa ameshafika ukurasa wa pili, uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikasimama pale mlangoni, sina pa kujificha. Nilitamani lile shuka la babu.

Aliisoma yote. Hakuinua macho. Akanirudishia ikiwa na alama tatu za penseli.

Pale nilipoandika "siku ya tisa", yeye ameandika: Kumi na moja. Nikaenda kufungua nakala mliyonipa, niliyokuwa nimeifungia kwenye sanduku la vifaa, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu. Ni kumi na moja. Nilikosea mimi. Shangazi hajawahi kukanyaga ofisini kwako.

Pale nilipoandika "huenda alikwenda kutafuta maji", ameandika: Hakuwa mwoga. Mtoto wake alikuwa wa kufa. Baba yangu alimwambia, kaa na mwanao kaka, mimi sina mtoto, nakwenda mimi. Mtoto huyo ni baba yako.

Na pale nilipoandika "hajawahi kulalamika", ameandika neno moja tu: Hukuniuliza.

Kwa hiyo tafadhali usifute kitu. Mdomo wa familia na karatasi zako vinasema jambo moja. Aliyekuwa akisema lake ni mimi, na waliokaa barazani pamoja nami. Naomba nakala ya kila ukurasa, yenye mhuri, kabla ya Jumamosi, niisome mbele ya wageni. Fundi mawe namwambia afute neno KAPTENI, na kwenye ile nafasi achonge jina la Mkimbiaji, lile la kuzaliwa, ambalo ilibidi nimwulize Shangazi. Namba ni ile ile. Viatu nitavileta Jumatatu, na binti wa glavu mwambie asinipe maji.

Nimemwambia Shangazi kwamba Jumamosi atakaa barazani, kwenye kiti cha mto, na vyombo nitaviosha mimi. Hakushangaa wala hakushukuru. Aliniuliza tu kama najua dodoki la kusugulia masufuria linawekwa wapi. Nina miaka sitini na tatu, Ndugu Mtunza Nyaraka, na nyumba hiyo nimezaliwa humo. Sijui.