Kaimu Msimamizi Apambana na Uvundo

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Barua imefika. Ijumaa afisa wa afya, Madam Immaculate, anakuja kukagua jaa letu la taka. Watu wa Kaloleni, mtaa wa jirani, wamelalamika tena. Eti hawawezi kula bila kufunga madirisha. Kudeka tu! Mimi hula chapati yangu hapa hapa kila siku.

Lakini bahati ndiyo hii. Miezi kumi na minne nimekuwa kaimu msimamizi. Uvundo ukitoka, neno "kaimu" nalo litatoka.

Kathini, mfanyakazi wetu wa sepetu, anasema dawa anaijua: taka za kila siku zifunikwe kwa udongo jioni ile ile. Udongo wa malori mawili umelala langoni tangu Julai, ukingoja sahihi yangu. Udongo! Nani amewahi kupandishwa cheo kwa udongo?

Jumanne, 9 Septemba

Nilikwenda dukani kwa Mwanamina, nikanunua udi wote aliokuwa nao. Akauliza ni harusi ya nani. Nikasema ni siri ya kikazi. Akasema basi huyo bwana harusi lazima ananuka sana.

Saa nne nikawasha vyetezo kumi na viwili kuzunguka jaa. Kwa robo saa, peponi! Kisha upepo ukaangusha kimoja, magodoro mabovu yakashika moto. Kathini alizima kwa mitungi ishirini ya maji. Sasa jaa linanuka uvundo, moshi na harusi.

Kwenye ripoti nimeandika: "Mafanikio ya awali."

Jumatano, 10 Septemba

Nimesoma kwenye simu kwamba kuna vijidudu vinavyokula harufu, na chakula chao ni molasi, ule uji mtamu wa miwa. Nikamwaga madebe sita. Kathini akauliza vijidudu vyenyewe viko wapi. Nikamwambia vitakuja.

Walikuja nyani. Arobaini! Halafu nyuki. Nilijifungia kibandani hadi saa kumi. Kathini alinipitishia maji dirishani, akarudi kufukuza nyani.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimegundua kosa. Shida si harufu, ni hotuba. Mgeni akisikiliza vizuri, pua hupumzika.

Nikatia sahihi udongo utumike. Kathini alifurahi sana, akakimbilia sepetu. Nikamwamuru ajenge jukwaa: mita mbili kwenda juu, zulia jekundu lije juu yake.

Akanitazama. "Bwana Kiema, udongo wote?"

"Wote."

Akaomba nusu tu ifunike upande wa Kaloleni, maana binti yake Abby ana pumu, na juzi alikohoa hadi akashindwa kwenda shule. Nikamwambia aandike barua.

Ijumaa, 12 Septemba

Madam Immaculate alifika saa tano, jua likichoma. Nikapanda jukwaani. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Ukurasa wa pili, upepo ukageuka. Madam akaziba pua kwa leso, akasema jaa hili lifungwe leo leo. Nikaongeza sauti.

Ndipo nikahisi nashuka. Kathini alikuwa akichimba chini ya miguu yangu! Anachota, anasukuma toroli, anafunika taka, anarudi. Wenzake wawili wakamsaidia. Nilipofika ukurasa wa tisa nilikuwa nimesimama chini, kimo sawa na watu wengine, zulia limenifunika magoti.

Uvundo ulikuwa umepungua. Madam akatoa leso puani, akavuta pumzi.

"Hii ni kazi ya nani?"

Nikajibu upesi kwamba ni ya ofisi yangu. Hakunitazama. Alikuwa akimuuliza Kathini jina lake linavyoandikwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Ujumbe umeingia kwenye simu. Kuanzia Jumatatu Kathini ndiye msimamizi. Si kaimu. Msimamizi! Mimi nitakaa langoni kuhesabu malori ya udongo, mawili kila siku. Kathini alipiga simu kuniambia nisihuzunike, na kwamba Abby alilala vizuri jana. Wivu mtupu.

Nimetafakari kwa unyenyekevu. Udongo ni mambo ya zamani. Kinachotakiwa ni feni kubwa nne, zipeperushe uvundo hadi kijiji cha Kasigau. Barabara ya kule ni mbovu. Hakuna afisa atakayefika kukagua.