Mapigo Yangu na Sola ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Umeme umekatika tena. Mtaa mzima giza, isipokuwa kwa wifi yangu! Ana sola juu ya bati na mdomo chini ya bati. Mjukuu wangu ana mtihani wa unesi Ijumaa, basi kila jioni anabeba madaftari kwenda kusomea kule. Leo wifi kanisemesha akichungulia juu ya ukuta unaotutenganisha, eti mtoto husoma vizuri akiwa penye mwanga. Nimeapa. Kabla ya Ijumaa mtoto atasomea kwangu.

Dawa nimeiona kwenye simu. Mota ya mapigo! Unabandika sumaku kwenye gurudumu, zinapita mbele ya waya uliosokotwa. Betri moja inalisukuma kwa mapigo, na kila pigo linaimwagia umeme betri ya pili. Ya pili ikijaa, unazibadilisha. Milele! Sikukanyaga darasa la umeme, lakini gurudumu haliulizi cheti.

Jumanne, 4 Machi
Gurudumu: la baiskeli ya mume wangu. Sumaku: za spika za redio ya mume wangu. Betri: mbili kuukuu za gari, moja bado ina uhai. Mzee kauliza taarifa ya habari imekwenda wapi. Nikamwambia habari ya leo ni mimi.

Limezunguka! Limeimba! Kisha sumaku moja ikachomoka, ikaruka ukuta, ikang'ang'ania pipa la maji la wifi. Kairudisha mwenyewe, kaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Kauliza kama nimetangaza vita. Nikamjibu bado, ile ilikuwa salamu.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Betri ya pili ilikuwa maiti, leo kipimo kinasoma volti kumi na tatu. Nimemwita fundi betri wa pale kona aje ashuhudie. Kaunga taa. Taa ikakonyeza mara moja, ikafa. Fundi kasema, bibi, tumbo lililojaa hewa si tumbo lililoshiba. Na betri ya kwanza nayo imekauka kwa kazi ya kusukuma. Kwa hiyo sasa nina maiti wawili.

Nimemwambia akauchomelee mdomo wake. Kisha nimemkatia mkate, maana amekonda mno na nyumbani hana wa kumpikia.

Alhamisi, 6 Machi
Mtihani kesho. Mjukuu kaniambia nisihangaike, ataenda kwa bibi mdogo. Bibi mdogo, ndiye wifi huyo! Nyumba hii haijawahi kuwa na bibi mdogo. Roho imeniuma kama jino bovu.

Nikafikiri: betri ya kwanza inataka kuamshwa tu. Wifi alipokwenda dukani nimepitisha waya chini ya ukuta hadi kwenye betri yake ya sola. Kuazima si kuiba. Gurudumu likanguruma kama limetumwa. Taa yangu ikawaka! Mtoto kaketi mezani pangu, kafungua daftari. Nami nikasimama mlangoni, wifi akirudi anione vizuri.

Chai haijapoa, pwaa! Giza kwangu. Giza ng'ambo ya ukuta.

Wifi kaja akiufuata waya, anauvuta kama aliyenasa samaki, na samaki mwenyewe ni mimi. Kaniita mwizi. Nikamwita bahili wa jua. Mjukuu, ambaye hajapata kuinua sauti tangu azaliwe, kasema sisi wawili ni mtihani mgumu kuliko wa kesho, tunyamaze tumshikie mishumaa. Tukashika. Mimi kulia, wifi kushoto, mpaka kamaliza daftari la mwisho. Nta ikaniunguza kidole. Wifi akakipuliza. Alikipuliza vibaya, lakini alikipuliza.

Ijumaa, 7 Machi
Mtoto karudi anacheka hadi magego. Swali la kwanza: eleza namna ya kupima mapigo ya moyo! Kaandika mpaka kaomba karatasi ya nyongeza. Sasa niulizeni, nani katika nyumba hii kaimba mapigo, mapigo, tangu Jumatatu? Wifi anasema ni mishumaa. Mwacheni na wivu wake.

Kosa nimeshaliona. Betri zilikuwa mbili, zinatakiwa tatu. Mkwe wangu anakuja Jumapili na gari lake, na yule akishiba hulala fofofo. Nimeshaanza kupika.