Wageni Kumi na Wanne wa Bibi Eom

Jumatatu, 4 Novemba
Mkuu wa kitivo, Profesa Pyo, ametangaza asubuhi: somo jipya la pamoja, uhandisi na sosholojia, litaongozwa na mtu mmoja. Atamteua Ijumaa. Mimi wa uhandisi, au Maeng Seon-ok wa sosholojia. Mtihani: kila mmoja ahesabu wazee wanaoshinda peke yao mchana katika mtaa wa nyuma ya chuo. Maeng atagonga milango. Miaka ishirini na sita ya saketi, leo nashindanishwa na mgonga milango!

Jumanne, 5 Novemba
Nimefunga vihisi joto nyumba thelathini. Joto la mwili halidanganyi. Maeng nimempa ramani ya zamani, ya kabla nusu ya mtaa kubomolewa. Ameshukuru. Shukrani yake imeniudhi kutwa.

Jumatano, 6 Novemba
Maeng hajapotea. Muuza mboga kamchorea ramani mpya nyuma ya ile yangu. Wanafunzi wangu wawili wanataka kufuatana naye. Eti kila nyumba wanapewa viazi vitamu. Nimewakumbusha nani anasahihisha mitihani yao. Wamekwenda naye hivyo hivyo.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimemnasa! Kwa Bibi Eom, mzee wa mtaa huo, chumba kimoja, kihisi kinaonyesha watu kumi na wanne wamelala sakafuni. Hawajajigeuza tangu juzi. Maeng kaandika: anaishi peke yake. Nimemwomba Mkuu tukahakikishe huko huko, mbele ya wanafunzi wote.

Ijumaa, 8 Novemba
Bibi Eom, miaka themanini na mmoja, alifungua mlango. Harufu ilitangulia. Akafunua blanketi: soya iliyopondwa, imefinyangwa kama matofali kumi na manne, imelazwa kwenye sakafu inayopashwa joto kwa chini ili ichachuke. Mama yangu alifanya hivyo kila mwaka.
"Hao ndio wageni wangu, mwalimu," akasema. "Hawali, hawasemi. Jumanne uliliruka blanketi hili kupachika kidude chako. Si ungeniuliza tu?"
Wanafunzi walicheka hadi wakakaa chini. Maeng hakucheka. Hilo sitamsamehe. Bibi akamwita Maeng: "Binti yangu, ingia, chai ipo." Mimi nilibaki mlangoni na viatu vya watu.
Maeng ndiye kiongozi. Mimi msaidizi wake. Mkuu anasema Maeng mwenyewe ndiye aliyeniombea nafasi hiyo. Ameniombea!

Jumamosi, 9 Novemba
Nimetafakari kwa utulivu. Kosa ni la soya. Nimeagiza vihisi harufu thelathini. Vinafika Alhamisi tarehe 14, saa nne asubuhi. Hakuna haja ya kumuuliza mtu.