Jinsi Idara Yangu Ilivyoipoza Bahari

Mheshimiwa Gavana, Waheshimiwa Manaibu, Mashekhe, Mapadri, Makamanda wa Pwani, Wakurugenzi wenzangu mlio macho na mnaosinzia, nanyi wananchi wa Marsa Dahman mliosimama juani kwa nidhamu ya kupigiwa mfano: kuna jambo nimewaficha miaka tisa, na kwa kuwa daktari amenishauri nisipange lolote baada ya Ramadhani, nitalitoa leo kwa utaratibu wake, maana hata siri ina itifaki. (Makofi. Gavana anatazama saa.)

Idara yangu ya Joto la Bahari, kwa mkakati shirikishi, jumuishi na endelevu, ilitangaza programu ya kompyuta ya kukokotoa joto ambalo maji ya kilindini yangebaki nalo kama yangepandishwa juu bila kupashwa wala kupozwa na chochote njiani. Maji ya chini hubanwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, na kule kubanwa kunayapasha. Programu huliondoa joto hilo kwa hesabu. Mimi, kwa maono niliyojaliwa, niliondoa sehemu tatu za kumi za digrii, nikawatangazia kwamba Bahari ya Shamu imepoa chini ya uongozi wangu. (Vigelegele kutoka safu ya wakandarasi.)

Kwa mafanikio hayo, kiwanda cha kuondoa chumvi katika maji ya bahari kiliruhusiwa kumwaga maji yake ya moto kwenye matumbawe yenu, na leo Gavana amekuja kutia saini mkataba wa bomba la pili la maji hayo.

(Sauti ya Hagga Wasila, hajjati mwenye mashua ya sakafu ya kioo ya kutembeza wageni: "Bwana Mkurugenzi, pale kwenye matumbawe maji yananifika magotini. Hicho kilindi umekitoa wapi?" Kicheko.)

Swali zuri, Hagga. Uliniuliza hivyo hivyo mwaka ule, nikakuundia kamati.

("Kamati ilikula samaki wangu ikaenda zake. Matumbawe yamekuwa meupe kama hayo meno yako ya bandia. Wageni niwaonyeshe nini, mchanga?" Afisa itifaki ananyoosha mkono achukue kipaza sauti, hapewi.)

Mwacheni aseme, ana haki. Maji ya magotini hayana uzito wa kuyabana, kwa hiyo hesabu ilipaswa kutoa sifuri. Ile tarakimu yangu niliinakili kutoka mfano wa kitabu cha chuo, unaohusu kilindi nisichopata kukiona. (Minong'ono. Wakandarasi wanaanza kutoka.)

Sayansi mbele, matumbawe juu! (Gavana anatazama saa tena.)

Nahitimisha kwa shukrani. Namshukuru Gavana, ambaye namsihi asitie saini. Nawashukuru wataalamu wetu wa kompyuta, ambao hawakuajiriwa. Nawashukuru ninyi mliokuwa mkipita mbele ya jengo letu kwa heshima. Ndani mna viti vya harusi ya binti yangu. Programu haikuwepo, na maji ya matumbawe yenu sikuwahi kuyapima hata kwa kidole.